Jalada la Kicheko cha Chande

Katika nchi yetu ya Shwari hakuna mtu anayefungwa bila sababu. Ikitokea sababu haipo, mtu huyo huhifadhiwa kituoni mpaka ipatikane, na kila asubuhi hupewa uji. Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani ninaisema vibaya serikali. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na Kituo cha Polisi cha Mji Mpya, na buti zote za kituo kile zimepita mikononi mwangu, kuanzia za Inspekta Kidunda, ambazo hulika kisigino kwa kusimama sana mbele ya wakubwa, mpaka za Konstebo Salange, ambazo hazijalika popote tangu alipoajiriwa. Mtu anayeishonea dola viatu hawezi kuwa na nia mbaya nayo.

Kisa chenyewe kilianza Jumatatu, siku Waziri wa Maji na Matumaini alipokuja kutufungulia bomba.

Lilikuwa bomba moja la koki moja, lakini lilijengewa jukwaa, likafungiwa utepe, likaletewa bendi ya tarumbeta na mahema matatu. Wanawake wa mtaa wetu waliagizwa wafike saa moja asubuhi na ndoo za bluu na njano, ambazo ndizo rangi za bendera. Aliyekuja na ndoo nyekundu aliombwa kwa heshima akasimame nyuma ya choo cha soko.

Waziri alihutubia saa moja na robo. Alisema bomba lile lilikuwa bomba shirikishi, bomba jumuishi na bomba endelevu. Alisema amezunguka nchi nyingi kwa ajili ya matibabu yake, lakini hajawahi kuona bomba la namna ile. Kisha akakata utepe, akafungua koki.

Bomba likakohoa. Likakohoa tena. Likatoa upepo mrefu, kama mtu mnene aliyekaa chini baada ya kupanda mlima, na baada ya upepo akatoka mjusi. Mjusi yule alisimama kwenye mdomo wa bomba, akamtazama Waziri, akawatazama waalikwa wa meza kuu mmoja mmoja, kisha akageuka na kurudi ndani taratibu.

Macho ya uwanja mzima yakamgeukia Waziri. Lakini Waziri wetu ni mzoefu. Aliiweka tai yake sawa, akasogeza kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "maji yapo. Nawaomba msiwe na wasiwasi wowote. Yanakuja kwa awamu, na hii mliyoishuhudia ni awamu ya hewa."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Katikati ya umati ule walikuwa wamesimama marafiki watatu: Chande fundi redio, Mkude mchora mabango, na Pazi muuza miwa, ambaye ni mrefu kiasi kwamba watu humuuliza kama mvua inakaribia. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Walikuwa na kijiwe chao nyuma ya ghala bovu la pamba, na pale, nasema kwa masikitiko, walikuwa wakivuta bangi. Sheria ya Shwari inaikataza bangi kabisa, na watatu wale walilijua hilo. Ila bangi yao haikuwapa ukorofi wowote. Iliwafanya tu wakubaliane na kila mtu, jambo ambalo serikali yenyewe imekuwa ikilitafuta kwa gharama kubwa miaka yote. Siku ile, kwa kuwa ratiba ilionyesha hotuba, walikuwa wamejiandaa mapema.

Kicheko cha Chande kilianzia puani. Mkude alimbana mkono. Pazi alimkanyaga mguu. Chande akauma kola ya shati lake, akafumba macho, akajaribu kuwaza mambo ya kusikitisha. Kisha Waziri akarudia, kwa msisitizo, "awamu ya hewa," na Chande akapasuka. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa amepiga magoti, akacheka akiwa ameshika suruali ya Pazi huku machozi yakimtoka. Bendi ilijaribu kumfunika kwa tarumbeta, lakini mpiga tarumbeta naye midomo ilikuwa imeanza kumtetemeka.

Chande alibebwa na polisi wanne. Kosa lake liliandikwa hivi: kucheka nje ya ratiba katika shughuli ya kitaifa. Na kweli ratiba ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu. Palikuwa na Dua, Wimbo, Hotuba na Makofi. Kicheko hakikuwepo.

*

Jalada la kosa hilo lina vipengele kumi na viwili. Inspekta Kidunda alijaza sita vya kwanza kwa mwandiko mzuri sana. Alipofika cha saba akaweka kalamu chini.

Kipengele cha saba kinauliza: Mtuhumiwa alicheka nini?

Inspekta alikuwepo uwanjani. Mjusi yule alimwona kwa macho yake. Lakini akiandika kwamba mtuhumiwa alilicheka bomba, atakuwa ametamka kwa maandishi, chini ya muhuri, kwamba bomba la serikali linachekesha. Akiandika kwamba alimcheka Waziri, itabidi aanze kujikamata mwenyewe kwa kuandika vile. Akiandika mjusi, wakubwa watauliza mjusi huyo aliingiaje kwenye mradi uliokaguliwa mara tatu. Basi kipengele cha saba kikabaki kitupu. Jalada lenye kipengele kitupu haliendi mahakamani, na mtu ambaye jalada lake haliendi mahakamani haendi popote. Hakuna aliyemwonea Chande. Zilikuwa karatasi tu.

Mama yake, Bi Mwantumu, alikuja kuomba dhamana siku hiyohiyo.

"Mama yangu, hatujakunyima dhamana," Inspekta alimwambia kwa upole, kwa sababu ni mtu mpole. "Dhamana ipo. Ila haina mahali pa kushikia."

"Baba, Ijumaa naozesha," alisema Bi Mwantumu. "Dada yake Chande anaolewa. Baba yao ni marehemu, na hawana baba mdogo wala mkubwa. Chande ndiye walii. Nani atamwozesha mtoto wangu?"

Inspekta alitazama dari. "Tumuombe Mungu kipengele cha saba kipate jibu."

Shekhe aliitwa, akasema dini haina shida, kadhi anaweza kusimama badala ya walii. Jibu hilo likapelekwa kwa bibi harusi mwenyewe, ambaye jina lake ni Sikudhani. Sikudhani alikuwa amekaa ndani, mikono yote ina hina mbichi.

"Aliyenibeba mgongoni kunivusha mto niende shule ni Chande," alisema. "Kadhi simjui. Kama kaka hayupo, hilo biriani mtakula wenyewe na bwana harusi mtamwoa nyinyi."

Na Sikudhani akisema neno, mtaa mzima unajua kwamba limesemwa.

*

Jumanne mchana Bi Mwantumu alipika pilau ya kuku, akaijaza kwenye hotpoti, akawakabidhi Mkude na Pazi wampelekee mwenzao.

"Mama, usiwe na shaka," Mkude alimwambia. "Hii itafika kama ilivyo."

Walitoka na nia njema kabisa. Lakini kuingia kituo cha polisi si jambo dogo kwa watu wenye mazoea yao, kwa hiyo waliona wapitie kwanza nyuma ya ghala la pamba wakatulize mioyo. Waliitulizia kwa msokoto mmoja. Mioyo ilipotulia, tumbo likaamka.

Mkude ndiye aliyenisimulia mazungumzo yaliyofuata.

"Pazi, tuonje chumvi tu. Mahabusu hawatakiwi chumvi nyingi."

"Chumvi iko sawa."

"Umeonja upande mmoja."

Pazi akafikiri, akaona ni kweli. Wakaonja upande wa pili. Wakaonja katikati, kwa sababu chumvi huweza kujificha katikati. Wakaonja paja, wakaonja kidari, wakalinganisha. Walipomaliza uchunguzi, hotpoti ilikuwa na mfupa mmoja na punje moja ya iliki.

Wangeweza kurudi nyumbani. Lakini walikuwa wameahidi kuipeleka, na ni watu wa ahadi, basi wakaipeleka. Pale kaunta Konstebo Salange alifungua mfuniko, akachungulia, akainua macho.

"Hii nini?"

"Chakula cha mahabusu Chande, afande," alisema Mkude.

"Kiko wapi?"

Mkude aliurudisha mfuniko juu ya hotpoti. "Afande," alisema, "kinakuja kwa awamu."

Salange akakaza taya. Aliinama chini ya kaunta kama mtu aliyeangusha kalamu, akakaa huko kidogo, na aliporudi uso wake ulikuwa mkavu lakini umeiva. Akaandika kitabuni: hotpoti moja, pilau, awamu ya harufu. Kisha akaipeleka ndani, maana utaratibu ni kwamba kilicholetwa lazima kimfikie mhusika.

Baada ya muda sauti ya Chande ilisikika kutoka mahabusu.

"Mkude! Mmekula?"

"Tumeonja," alijibu Mkude.

"Ilikuwaje?"

"Tamu sana, ndugu yangu. Mama ameweka na zabibu."

Kisha Chande akasema, kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Mwambieni mama nimeshiba."

Neno hilo liliwavunja. Wangetukanwa wangestahimili. Walivuka barabara, wakaja kukaa kwenye benchi langu, na Pazi, na urefu wake wote ule, alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mkude alikuwa ameikumbatia hotpoti tupu.

"Fundi," aliniambia, "sisi ni watu gani?"

Nilimwambia mimi nashona viatu tu.

*

Wazo lilikuja wakiwa hapohapo, nami ni shahidi kwamba hawakuwa wamevuta tena. Pazi alijifuta pua, akaniuliza kesi ya bangi adhabu yake nini. Nikamwambia ninavyojua: mtu anaandikishwa, anapewa dhamana siku hiyohiyo, na akipatikana na hatia anafagia soko wiki mbili.

"Basi Chande hakucheka kitu," alisema Pazi.

"Alicheka, Pazi. Alikuchania suruali," alisema Mkude.

"Alicheka, ila hakucheka kitu. Alichekeshwa na bangi." Pazi alisimama. "Waandike hivyo! Bomba halichekeshi, Waziri hachekeshi, mjusi hayumo. Bangi!"

Nilipigilia msumari kidole changu kwa mshangao. Watu wenye shahada walikuwa wamelitazama jalada lile siku mbili bila kuliona jambo hilo.

Jumatano asubuhi walimwona Inspekta Kidunda. Aliwasikiliza, akafunga mlango, akawapa viti, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote asiye na gari.

"Hii," alisema akipapasa jalada, "ni fikra ya kizalendo. Lakini bangi inahitaji kielelezo. Mwenzenu alikutwa na bisibisi na karanga moja. Hatuwezi kumshtaki kwa karanga." Akamwita Konstebo Salange. "Stoo ya vielelezo kuna bangi?"

"Kitabuni yapo magunia matatu, afande."

"Na stoo?"

Salange alitazama buti zake. "Yalinyauka, afande."

"Magunia matatu?"

"Yalinyauka pamoja na magunia yake."

Inspekta hakuuliza zaidi. Aliwageukia Mkude na Pazi, akakunja mikono juu ya meza. "Ndugu zangu, mnajua serikali yetu ni sikivu na hupokea michango ya wananchi. Madarasa tulijengewa na wananchi. Zahanati tulijengewa na wananchi. Sioni kwa nini kielelezo nacho kishindikane."

Walielewa. Walitoka pale wametazama chini. Walikuwa na akiba moja tu, mfuko mmoja uliofukiwa nyuma ya ghala, mkubwa kama mto wa kulalia. Ulikuwa wa msimu mzima. Walikuwa wameapa, wote watatu, kwamba hautaguswa mpaka masika.

"Tupeleke nusu," alisema Pazi.

"Pilau nayo tulisema tunaonja," alijibu Mkude.

Wakachimba.

*

Alhamisi saa nne asubuhi walifika kibandani kwangu na mfuko wao, na hapo likazuka tatizo la kisheria. Konstebo Salange alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara wasimame walipo. Wakivuka na mfuko ule watakuwa watu waliokutwa na bangi, naye itabidi awakamate. Akiwakamata, mfuko utakuwa kielelezo cha kesi yao wenyewe, na Chande atabaki hana.

Inspekta alitoka, akatafakari, akarudi ndani. Baada ya nusu saa alitoka na barua yenye muhuri. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa kibali cha muda cha kubeba bangi kwa madhumuni ya haki, umbali usiozidi mita mia, kuanzia kibanda cha fundi viatu hadi kaunta ya kituo, pasipo kusimama, kunusa wala kuhuzunika.

Basi nchi ya Shwari ikashuhudia raia wawili wakibeba bangi kihalali. Askari wa barabarani alisimamisha magari. Wauza maembe waliacha meza zao. Pazi aliubeba mfuko kifuani kwa mikono miwili, kama nahodha wa timu aliyepewa kombe, na Mkude alimtangulia ameinua barua juu. Kipengele cha kutohuzunika walikivunja kidogo, nilimwona Mkude akipangusa jicho, lakini hakuna aliyewachukulia hatua.

Kaunta ikaupokea mfuko. Inspekta akafungua jalada, akashika kalamu, na kwenye kipengele cha saba akaandika: Hakuna alichocheka. Bangi. Alipumua kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Ilibaki hatua moja. Kwa sababu ya tabia ya vielelezo vya kituo kile kunyauka, makao makuu yalikuwa yametoa waraka kwamba bangi yoyote ikishapimwa na kuandikwa iteketezwe siku hiyohiyo kabla ya saa nane mchana, mbele ya mashahidi. Saa saba na nusu wakawasha moto uani. Salange aliripoti kwamba upepo unavuma kuelekea ofisini na akauliza kama wangoje ugeuke. Inspekta akausoma waraka tena. Waraka ulitaja saa. Haukutaja upepo.

Na dakika hiyohiyo, gari la Waziri wa Maji na Matumaini likaingia.

Alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba kesi ya kicheko inapewa uzito wake. Alipanda ngazi za kituo, askari wakapanga mstari, nami nikasogea karibu kwa kuwa nilikuwa na buti za kurudisha. Moshi ulikuwa mzito, mweupe, na ulipita kwenye ngazi zile na kuingia ndani kupitia kila dirisha.

"Askari wetu," alianza Waziri, "kicheko ni rasilimali ya taifa. Na rasilimali yoyote isipopangiwa matumizi hugeuka kuwa janga. Mwananchi hawezi tu kuamka na kucheka. Lazima tujiulize, kicheko hiki kinatoka wapi? Kinakwenda wapi? Nani amekikagua?" Alivuta pumzi ndefu. Akakohoa. "Ndiyo maana serikali... serikali ina mkakati..." Alinyamaza, akaonekana anasikiliza kitu cha mbali. "Ina mkakati wa... Inspekta, unakumbuka yule mjusi?"

Inspekta Kidunda alikuwa amesimama wima kama mlingoti. "Mjusi gani, Mheshimiwa?"

"Alinitazama," alisema Waziri. Mdomo wake ulianza kujikunja pembeni. "Alinitazama kama mimi ndiye niliyeingia chumbani kwake bila hodi."

Sijui nani alianza. Nadhani dereva. Lakini Waziri alikaa chini kwenye ngazi na suti yake, akacheka mpaka tai ikaenda mgongoni, na Inspekta akakaa pembeni yake. "Awamu ya hewa!" alisema Inspekta, akipiga goti lake. "Mheshimiwa, awamu ya hewa uliipata wapi?"

"Sijui!" alilia Waziri. "Ilinijia tu!"

Salange alikuwa amelala juu ya kaunta. Askari waliokuwa kwenye mstari walikuwa wameshikana mabega. Mimi nilirudi nyuma hatua kumi, nikajifunika pua kwa buti, ambayo harufu yake inashinda moshi wowote.

Ukiniacha mimi, watu watatu tu hawakucheka pale kituoni. Mkude na Pazi walikuwa wamesimama kando ya moto, kofia mikononi, wakiutazama msimu wao ukiondoka. Wa tatu alikuwa Chande, maana mahabusu ya Mji Mpya haina dirisha, na moshi haukumfikia. Alikuwa ameshika nondo, akiuliza kwa wasiwasi, "Kuna nini? Jamani, kuna nini huko?"

"Mleteni!" alisema Waziri. "Mleteni huyo mtu, nimwone!"

Chande akaletwa. Siku tatu za uji zilikuwa zimemkondesha. Aliona Waziri amekaa chini, Inspekta analia, askari wanaviringika, akajua ni mtego, akapiga magoti.

"Hebu niambie," alisema Waziri, akijifuta macho kwa tai. "Siku ile ulicheka nini?"

"Sikucheka, Mheshimiwa. Nisamehe. Nina dada anaolewa kesho. Mimi ndiye walii wake. Nifungeni Jumamosi."

Alilisema kwa uso mkavu kabisa, na ule ukavu ndio uliomaliza kila mtu. Kicheko kikaanza upya, kikadumu mpaka Konstebo Salange, ambaye hata akiwa katika hali ile alibaki mtumishi mwaminifu, akafungua kitabu kipya na kuanza kuandika majina ya wote waliocheka nje ya ratiba. Akajiandika yeye kwanza. Akaandika dereva. Akaandika Inspekta. Kisha akashuka ngazi, akasimama kikakamavu.

"Jina kamili, Mheshimiwa? Na ulicheka nini?"

Kicheko kikakatika kama umeme.

Waziri alisimama polepole. Alijifuta vumbi. Alimtazama Salange, akaitazama mahabusu, ambayo inachukua watu sita, akawatazama askari, ambao walikuwa kumi na mmoja. Akarudisha tai kifuani, na pamoja na tai ikarudi ile sauti tunayoijua.

"Nimebaini," alisema, "kwamba ratiba ya ufunguzi wa bomba ilichapwa ikiwa na kasoro. Baada ya Makofi palitakiwa pawe na Kicheko, dakika mbili, kikiongozwa na wananchi. Naagiza ratiba irekebishwe kuanzia Jumatatu iliyopita, na sehemu iliyobaki ya Kicheko imalizikie leo hapa kituoni. Nashukuru imemalizika vizuri."

Alipanda gari, likaondoka. Moto uani ulikuwa umekwisha.

Kwa agizo hilo Chande hakuwa na kosa tena. Zaidi ya hapo, alionekana ndiye mwananchi pekee aliyeifuata ratiba siku ile ya bomba. Sisi wengine tuliletewa barua za onyo kwa kutocheka kwa wakati. Ya kwangu ninayo, na nimeikubali.

*

Lakini Mkude na Pazi walipoanza kukumbatiana, Inspekta aliinua kidole. Kicheko kilikuwa kimefutwa. Kipengele cha saba hakijafutwa. Kiliandikwa kwa wino kwamba Chande alikuwa amevuta bangi, na walioleta habari hiyo, pamoja na bangi yenyewe, walikuwa wamesimama mbele yake.

"Sisi ndio tumemshtaki?" aliuliza Pazi.

"Kwa kielelezo kizuri kuliko vyote tulivyowahi kupokea," alisema Inspekta.

Chande aliwatazama rafiki zake. "Mmetoa mfuko wa msimu?" aliuliza.

"Wote," alisema Mkude.

"Hamkuonja?"

"Hatukuonja."

Chande aliinama, akapangusa uso kwa mkono wake.

Ikabidi kielelezo kitafutwe kwa ajili ya mahakama. Salange alieleza kwa aibu kwamba majivu yamepeperuka, na kielelezo chenyewe kwa sasa kimo vichwani mwa askari. Inspekta alitafakari uwezekano wa kuwapeleka askari wote mahakamani kama vielelezo, akaona haupendezi. Akampa Chande dhamana: atakuwa anaripoti kituoni kila Jumatatu saa nne kwa miezi mitatu, huku upelelezi ukiendelea.

*

Ijumaa baada ya swala, watu walijaa kwa Bi Mwantumu mpaka barabarani. Bwana harusi aliketi kwenye jamvi amejaa jasho. Mbele yake aliketi Chande, kanzu nyeupe ya kuazima, kofia imemkaa vizuri, na watu wote hawakumtazama bwana harusi. Walitazama mdomo wa Chande. Shekhe aliinama sikioni kwake.

"Mwanangu, nakuomba. Usicheke."

Chande aliushika mkono wa bwana harusi. Akasema, "Nakuozesha dada yangu, Sikudhani binti Mwinyimvua..." na alipolitaja jina la baba yao sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kola ya kanzu ya watu. Shekhe hakumharakisha. Pazi, huko nyuma, alikuwa ameshaanza zamani. Nilimwona na Konstebo Salange, aliyealikwa kwa biriani, akitafuta leso.

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, Sikudhani akasema kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini, "Malizia, kaka. Nipo hapa."

Chande akamaliza. Bwana harusi akakubali haraka, kabla jambo jingine halijatokea. Vigelegele vikapanda, na Bi Mwantumu akatoka nje, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili mbele ya wanaume wote.

Hayo yamepita miezi mitatu sasa. Chande aliripoti kila Jumatatu bila kukosa. Wiki ya kwanza alisimama kaunta, akasaini, akaondoka. Wiki ya pili alikuta redio ya kituo imekufa, akaomba bisibisi yake irudishwe, akaitengeneza, na wakati anaitengeneza akawa anawasimulia mambo ya wateja wake. Wiki ya nne askari wa zamu nyingine walianza kubadilishana siku ili Jumatatu wawepo. Wanakaa uani, wanafunga geti, na kuna vicheko vinavyosikika mpaka kibandani kwangu, ingawa mimi, kama raia mwema, sijavisikia.

Jumatatu iliyopita muda wake uliisha. Inspekta Kidunda alilifungua jalada mbele yake, akalisoma muda mrefu, kipengele kwa kipengele. Chande alisimama ameshika kofia. Salange alijifanya anapanga karatasi. Mwisho Inspekta akachukua kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: Mtuhumiwa bado anahitajika. Akagonga muhuri, akavuta viti viwili, kisha akaja dirishani na kuniita ng'ambo ya barabara, niache hiyo buti na nije na kigoda changu.